Duara Alilofagia Baba

Baridi nzuri haingoji mtu. Ndivyo alivyosema Alois Nemetschek asubuhi ile ya Januari mkewe aliposhikwa na uchungu, akachukua mpira wa maji akatoka kwenda kumwagilia uwanja. Aliporudi, ndevu zimemganda, mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, ameogeshwa na kufungwa blanketi, na mkewe hakumsemesha hadi Jumapili. Mtoto walimwita Walburga. Jina hilo refu lilibaki kanisani. Pale uwanjani watu wote walimwita Burgi.

Alois alikuwa fundi wa barafu. Uwanja ulikuwa wa wazi, katikati ya Vienna, na kuanzia Novemba hadi Machi kazi yake ilikuwa kumwaga maji, kungoja yagande, kufagia, kumwaga tena. Vita vilipoingia na makaa yakaadimika, mkewe alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, akamwachia binti wa miaka sita. Alois hakujua kusuka nywele. Jikoni hakujua zaidi ya supu ya viazi. Alichojua ni barafu tu, basi akampa mtoto hicho alichonacho. Alimfunga viatu vya chuma vilivyokuwa vya mtu mwingine, akavishindilia magazeti mbele, akamwambia, "Haya, nenda. Ukianguka usilie, barafu haina masikio."

Yeye mwenyewe lakini alikuwa na masikio ya ajabu. Aligonga barafu kwa mpini wa ufagio akasema, "Hii bado changa," au, "Hii leo itawapasukia." Alisikia mtu akiteleza nyuma yake akajua ni nani, na anaegemea makali ya ndani ya chuma au ya nje, bila kugeuka. Burgi alidhani baba wote duniani wako hivyo.

Enzi hizo bingwa hakupatikana kwa kurukaruka. Aliyetaka ubingwa alichora kwanza. Ulisimama kwa mguu mmoja kwenye barafu safi, ukachora nane kubwa, maduara mawili yanayogusana. Kisha ukaipita tena, na tena, mguu wa kulia na wa kushoto, na mistari yote ilitakiwa ilaliane hadi ionekane mmoja. Ukishamaliza ulikaa pembeni, nao waamuzi wakaja na makoti yao mazito, wakainama mmoja mmoja kukagua ulichoacha. Ule mguu ulio hewani ukigusa barafu hata kidogo, ulikwaruza alama kama ya ukucha wa kuku, na hapo umekwisha. Michoro ilibeba alama sitini katika kila mia. Muziki, sketi za kumetameta, kuruka na kuzunguka, vyote vikagawana arobaini. Watu wa siku hizi wanacheka wakisikia hayo. Wacheke tu, hawajawahi kusimama kwa mguu mmoja alfajiri mbele ya barafu isiyo na alama hata moja.

Aliyemfundisha Burgi kuchora alikuwa Bi Zallinger, mwanamke mkavu mwenye fimbo, na fimbo hiyo ilikuwa ya kupimia maduara na wala si ya kutembelea. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa, "Si vibaya." Burgi aliisikia mara tatu katika miaka kumi na minne. Kila siku kabla ya shule, na baadaye kabla ya kazi ya kushona, alipewa kipande chake cha barafu akachora. Baba alisimama mwishoni na ufagio, akingoja. Maana Alois alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri za kanisa: hafagii mchoro wa mtu mpaka mkaguzi wa mwisho anyooshe mgongo na kutia kalamu mfukoni. Katika miaka thelathini hakuwahi kukosea.

Burgi akawa bingwa wa Austria mara nne, na wa Ulaya mara mbili. Ubingwa wa dunia ndio uliomkimbia. Mwaka wa kwanza alikuwa wa tatu, kisha wa pili, kisha wa pili tena. Kuruka hakukuwa kwake. Goti la kushoto lilimuuma tangu utotoni, na daktari alikwisha mwambia akifika miaka ishirini na sita aachane na mambo hayo. Basi alipofika miaka ishirini na sita, mashindano ya dunia yakaletwa Vienna, kwenye uwanja uleule aliozaliwa hatua thelathini kutoka ukingoni mwake. Mcheza kwao hutunzwa, na jiji zima liliona kwamba Mungu ameamua kulipa deni.

"Usiwasikilize," baba alimwambia wakinywa kahawa. "Chora tu kama ni Jumanne."

"Baba, leo ni Jumanne."

"Basi afadhali."

Alikuwa amezeeka kidogo mwaka ule. Gazeti alimwachia Burgi amsomee. Alilalamika kwamba wachapaji wa siku hizi wana ubahili wa wino. Burgi alicheka, akasoma, hakufikiri zaidi.

Michoro ilikuwa sita. Baada ya mitano Burgi alikuwa mbele, lakini hakuwa mbele vya kutosha, kwa sababu kesho yake, siku ya kuruka kwa muziki, angekuja msichana mmoja wa Kimarekani, miaka kumi na saba, aliyeruka kama panzi. Kila mtu alijua hesabu: mchoro wa sita ulipaswa kumpa Burgi nafasi ambayo panzi hawezi kuiruka.

Akaenda. Siwezi kukueleza alichofanya, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuweza. Alisema tu kwamba kwenye mzunguko wa kwanza alikuwa akichora, na kuanzia wa pili mstari ulikuwa unamvuta wenyewe. Watu elfu kadhaa walikaa kimya. Kwenye mzunguko wa tatu alisikia mkwaruzo karibu yake, mfupi, na kwa pembe ya jicho akamwona mwamuzi mmoja akirudisha mguu nyuma. Mwamuzi huyo alikuwa amevaa galoshi zenye misumari, viatu vya mpira vya kuvalia juu ya viatu, asije akateleza. Burgi alikasirika nusu sekunde, akamsamehe, akaendelea. Mguu wake wa hewani ulikuwa juu kama bendera. Alipomaliza akaangalia chini akaona mstari mmoja. Mizunguko mitatu kwa kila mguu, mstari mmoja.

Ukingoni Bi Zallinger alikuwa na darubini ndogo ya kwenda nayo kwenye michezo ya jukwaani. Aliielekeza kwenye barafu muda mrefu, akaishusha, akasema, "Miaka arobaini sijaona hivi." Burgi alisikia, na moyo ukamjaa hata akaogopa.

Waamuzi walikuwa saba. Wa kwanza aliinama, akakaa ameinama, akanyanyuka akitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha kanisani. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Wawili wa mwisho walikuwa upande wa pili, mmoja akifuta miwani, wakija polepole.

Ndipo Alois Nemetschek alipotoka na ufagio wake mpana, akaingia kwenye mchoro wa binti yake, akaufagia wote. Akaenda akarudi. Akamwaga na ndoo ya maji juu.

Mwanzoni watu hawakuamini macho yao. Kisha uwanja mzima ukazomea. Mwamuzi wa sita alibaki amesimama na miwani mkononi. Mkuu wa klabu iliyomiliki uwanja alikuja mbio, karibu aanguke. "Mzee! Mzee, umerogwa? Hawajamaliza!"

"Nimekosea," alisema Alois.

Sheria ilikuwa wazi, mchoro hauchorwi mara mbili. Kulalamika klabu haikuweza, maana mwenyeji atalalamikiaje ufagio wake mwenyewe? Waamuzi wale wawili wakatoa alama za mtu asiyeona kitu, za katikati, za tahadhari. Kesho yake panzi akaruka. Burgi akapata medali ya fedha, kwa tofauti ambayo ungeiweka kwenye mizani ya duka la dawa mshale usingetikisika.

Jioni ile alimuuliza baba yake mara moja tu. "Kwa nini?"

Mzee alikuwa ameligeukia jiko. "Fedha nayo ni madini, mwanangu. Kula supu."

Burgi hakula. Asubuhi alifunga sanduku. Aliingia kwenye kundi la maonyesho ya barafu, akazunguka nalo miaka minane, Hamburg, Paris, London, akivaa manyoya ya bandia na kuzungushwa kwa mikono na wanaume waliovaa kama chui. Hakumchukia baba yake. Afadhali angemchukia, ingekuwa kazi nyepesi. Alimtumia barua Krismasi na Pasaka. Baba hakujibu, na Burgi akahesabu hilo pia juu yake. Kitu kimoja tu alikibeba kila mji bila aibu: kwamba alichora duara lile, na kwamba lilikuwa safi. Dhahabu walimnyima, lakini duara lilikuwa lake. Katika vyumba vya hoteli akishindwa kupata usingizi alilipita tena kichwani, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, hadi akalala.

Alirudi akiwa na miaka thelathini na minne, goti limekufa, kwa sababu Bi Zallinger alimwandikia. "Nimezeeka," barua ilisema. "Baada ya Pasaka nataka kumkabidhi mtu watoto wangu wa asubuhi. Sitaki mtu wa kuwafundisha kuruka. Nataka mtu aliyechora duara lile. Miaka minane nawasimulia." Burgi aliisoma barua hiyo garini mpaka ikalegea mikunjoni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliona kuna mahali anatakiwa.

Akamkuta baba kwenye mtaa wa Ottakring, kwenye chumba kidogo ambacho klabu ilimpa walipomstaafisha wiki ileile ya mashindano. Alimfungulia mlango, akamkumbatia, akasema amenenepa. Kisha akamimina kahawa, nayo ikamwagikia mezani, nusu kiganja kutoka kwenye kikombe, mzee asijue.

"Baba," Burgi alisema polepole. "Macho tangu lini?"

"Macho gani?"

"Baba."

Alois alishusha birika. "Tangu kabla ya siku ile. Miaka miwili, mitatu kabla. Ningesema wangenitoa. Na kwa barafu sikuhitaji macho, wajua hivyo." Akapapasa kitambaa akafuta meza, akapakosa pale palipolowa. Barua zote za Burgi zilikuwa kwenye kopo la biskuti, hazijafunguliwa. Hakutaka mtu mwingine amsomee. Burgi alilia, na mzee akadhani ni mafua.

Jumapili iliyofuata Alois alitimiza miaka sabini, wakaenda kwenye nyumba ya kunywea mvinyo mpya kule juu vilimani, wanne: Alois, Burgi, Bi Zallinger aliyekuja na glavu za manyoya na mgongo ulionyooka, na Pokorny, dereva mstaafu wa tramu, rafiki wa mzee tangu shuleni na adui wa amani yake. Waliagiza nyama ya nguruwe ya kuokwa na kabichi. Mvinyo ulikuwa mchanga, wa kupanda kichwani upesi.

"Haya, tumnywee Mzee Ufagio!" alisema Pokorny. "Mtu pekee Vienna aliyefagia dhahabu akaitupa na theluji."

"Pokorny, funga domo," alisema Alois, kwa mazoea.

"Nifunge mara ngapi? Miaka minane mtaa mzima unakuita hivyo, hujawahi kujibu. Kha! Mimi ningekuwa wewe ningehama mji, niende Graz."

Bi Zallinger hakupenda utani wa namna hiyo. Aliinua glasi yake, akaishika mbele kama mtu anayehutubia mkutano. "Mimi nitamnywea Burgi," alisema. "Na duara lile. Bwana Nemetschek, sikulaumu, uzee ni uzee. Lakini lazima lisemwe mezani kwako: ulifuta mchoro safi kuliko yote iliyopata kuchorwa katika mji huu."

Alois akaweka uma chini. Mvinyo ulikuwa umemwingia, na miaka minane nayo ilikuwa imemfika shingoni.

"Haukuwa safi," alisema.

"Unasemaje?"

"Haukuwa safi, bibi. Aligusa. Mzunguko wa tatu, nilimsikia. Krrt! Chuma kwenye barafu, fupi. Mnadhani nilikuwa mjinga? Miaka thelathini sijakosea, nikosee siku ya mwanangu? Watano walikuwa wamepita, nilihesabu hatua zao, wameinama hawakuona, nikasema hawa wawili wa mwisho wataona. Wataona ukucha, watamshusha, hata fedha asipate, aaibike kwao mbele ya watu wake. Nikafagia." Alipumua. "Niiteni ufagio mpaka nife. Mimi nilimwokoa binti yangu."

Pokorny alirudisha glasi yake mezani.

"Upuuzi mtupu!" Bi Zallinger alipiga fimbo sakafuni. "Nilikuwa na darubini kwenye mstari ule mwanzo mpaka mwisho. Hakugusa."

"Wewe uliangalia. Mimi nilisikia."

"Hakugusa, Bwana Nemetschek!"

Burgi alikuwa amekaa kati yao, mikono mapajani. Galoshi. Yalimjia yote kwa pamoja, ule mguu uliorudi nyuma, misumari, mkwaruzo, na mzee aliyesimama mwisho wa uwanja ameshika ufagio, haoni kitu, anasikia tu. Alitaka kucheka kwa uchungu. Dhahabu yake, goti lake, miaka minane ya manyoya ya bandia, vyote vimeondoka na galoshi ya mtu! Na ukweli ulikuwa mdomoni mwake, tayari, mwepesi. Neno moja, na jina lake lingekuwa safi milele.

Lakini alimwona baba yake. Yale maneno ya Bi Zallinger yalikuwa yamemwingia. Uso ulimgeukia Burgi, kidogo pembeni ya pale alipokaa, na mkono ukatafuta ukingo wa meza ukaushika.

"Burgi," alisema. "Sijakuuliza siku zote, nakuuliza leo. Uligusa au hukugusa?"

"Mwambie," alisema Bi Zallinger. "Mwambie, mwanangu, imalizike."

Ni rahisi kwako na kwangu kusema ukweli haufichiki. Burgi alifanya hesabu yake palepale. Kama hakugusa, basi mzee huyu hakumwokoa mtu; alibeba kicheko cha mtaa miaka minane bila sababu, na yeye, si mwingine, ndiye aliyemwibia mwanawe kile pekee alichokitaka. Ana miaka sabini, haoni, barua kwenye kopo. Angeishi na hilo gizani, peke yake, akilisikia kila siku. Kwa upande wa pili kulikuwa na duara. Burgi hakuwa na kitu kingine.

"Niligusa, baba," alisema.

Bi Zallinger aliweka glasi yake chini.

"Mzunguko wa tatu," Burgi aliendelea, na sauti yake haikutikisika, maana alikwisha zoea kusimama kwa mguu mmoja. "Kidogo tu. Nilidhani hakuna aliyejua."

Alois aliachia ukingo wa meza. Alicheka, akajipiga paja, machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyofaa kitu. "Umesikia, Pokorny? Umesikia, mwana wa nguruwe wee? Mfagiaji wa dhahabu, eti!"

Pokorny alivua kofia. "Nimesikia, Alois," alisema kwa upole. "Nisamehe, ndugu yangu."

Bi Zallinger alikuwa akivaa glavu zake, kidole kimoja kimoja. Alimtazama Burgi kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama mchoro uliopinda.

"Miaka minane nimewaambia watoto habari za duara lile," alisema kwa sauti ya chini ambayo mzee, kwa vicheko vyake, hakuisikia. "Nawe uliniacha niseme. Kukosea si dhambi, Burgi, kila mtu hugusa. Lakini kuona watu wakikusifia usichokifanya, ukanyamaza? Siwezi kumkabidhi mtu huyo watoto." Alingoja. Alikuwa anampa nafasi ya kukanusha, na Burgi aliiona nafasi hiyo wazi kabisa.

"Naelewa, mwalimu," alisema.

Bi Zallinger akaondoka, akiegemea fimbo yake. Burgi hakuwahi kumwona akiiegemea.

"Bibi amekwenda wapi?" aliuliza Alois. "Amekasirika kwa kuwa nilikuwa na haki, eh?"

"Amechoka tu, baba. Amekwenda nyumbani."

"Masikio haya," alisema mzee, akijigusa sikio kwa kidole. "Macho yanadanganya. Haya hayajawahi."

"Hayajawahi, baba," alisema Burgi, akavuta sahani yake, akaanza kumkatia nyama.